Kila Mtoto na Kiti Chake: Jinsi ya Kuzisaidia Familia Zetu Marekani

Jumapili ibada ikiisha, simama kwenye maegesho ya kanisa ambalo Wakongo na Warundi husali hapa Lexington, Kentucky, utasikia neno lile lile: "Mpakate." Gari lina nafasi tano, watu ni saba, mvua inanyesha, na mama mwenye gari hana moyo wa kumwacha jirani yake nje. Mtoto anapakatwa, mlango unafungwa, safari inaanza.

Neno lenyewe halina ubaya. Huko tulikotoka, iwe Uvira, Bujumbura au kambini Nyarugusu, kumpakata mtoto ndiko kumtunza. Mtoto hukaa mgongoni ndani ya kitenge au mapajani mwa mama, na hakuna mahali salama kuliko hapo. Ukimwambia mama huyo kwamba mikono yake haitoshi, anasikia kama umemwambia si mama mzuri. Ndiyo maana kazi hii ya kuzisaidia familia zipate viti vya watoto vya kwenye gari, na zijue kuvifunga, inahitaji watu wa nyumbani, wanaojua lugha na wanaojua kuingia kwa mlango wa heshima.

Nimewaandikia wale ambao familia huwaendea zikikwama: mzee wa kanisa, mama kiongozi wa chama, mkalimani, mhudumu wa afya ya jamii, au kijana wa kwanza katika ukoo kupata leseni. Na nianze na jambo ambalo ningetamani kuambiwa mapema. Kugawa viti ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Utafiti wa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba asilimia 46 ya viti vya watoto vilitumika vibaya kiasi cha kuweza kupunguza kinga yake. Hao ni watu wa nchi nzima, wengi wao wamezaliwa humu na kukua ndani ya magari. Kwa hiyo usimwone mzazi mgeni aliyekosea kuwa mjinga, na usikubali mtu mwingine amwone hivyo.

Mwanzoni nilikuwa nafunga viti mwenyewe. Nafika, naingiza goti kwenye kiti, navuta mkanda, dakika kumi nimemaliza, watu wanashukuru. Kisha nikarudi kwenye nyumba moja baada ya wiki tatu. Baba alikuwa amebadilisha gari. Kiti cha mtoto kilikuwa kwenye gari jipya, kimekaa wima, kimefutwa vumbi vizuri, na mkanda wa gari haukupita popote. Kilikuwa kimewekwa tu kama kiti cha sebuleni. Baba hakuwa na kosa: mimi ndiye niliyefunga cha kwanza, yeye alikuwa amesimama nje ameshika tochi. Tangu siku hiyo nina sheria moja, na mwongozo wote huu umesimama juu yake: mikono iwe ya mzazi. Wewe unaonyesha na kueleza. Anayefunga ni yeye.

Hatua ya 1: Jifunze kabla ya kufundisha

Marekani kuna mafundi wa viti vya watoto wenye cheti. Mafunzo yao yanasimamiwa kitaifa na shirika la Safe Kids Worldwide. Kwa kawaida huchukua siku tatu hadi nne, yana mitihani na mazoezi ya mikono ndani ya magari halisi, na cheti hudumu miaka miwili kabla ya kuhuishwa. Huhitaji kuwa nesi wala askari. Ukiwa na Kiingereza cha kutosha kusoma kitabu cha mafunzo, jiandikishe. Fundi mmoja anayesema Kiswahili katika mji mzima hufanya kazi ambayo vipeperushi elfu haviwezi.

Kama Kiingereza bado kinakusumbua, tafuta fundi mwenye cheti uwe naye bega kwa bega. Yeye ana ujuzi wa viti, wewe una lugha na imani ya watu. Tovuti ya NHTSA ina ukurasa wa kutafuta vituo vya ukaguzi kwa kuandika tu namba ya eneo lako la posta. Uliza pia hospitali ya watoto, idara ya afya ya kaunti na kituo cha zimamoto. Piga simu kwanza, kwa sababu si kila kituo cha zimamoto kina fundi, na familia iliyoomba ruhusa kazini ikaja na kukuta mlango umefungwa haitakuja mara ya pili.

Ukiwa mkalimani, kaa na fundi nusu saa kabla ya siku yenyewe mkubaliane maneno. "Kaza" peke yake haitoshi. Mtu mmoja atakaza kama anafunga kamba ya viatu, mwingine kama anafunga mzigo juu ya lori. Tafuta kipimo cha vidole na cha macho kwa kila neno, kama nitakavyoonyesha mbele. Na kama huna cheti, usitie muhuri kwa mdomo wako kwamba kiti cha mtu kiko salama.

Hatua ya 2: Ijue nyumba kabla ya kutafuta kiti

Chukua daftari. Andika kila mtoto: umri, uzito na urefu. Viti vya hapa vimeandikwa kwa pauni na inchi, na kilo moja ni pauni 2.2, lakini usikisie kwa macho. Karatasi ya kliniki au ya WIC, ule mpango wa serikali wa lishe kwa akina mama na watoto wadogo, ina vipimo vya karibuni.

Kisha andika magari, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa, maana wanaandika gari la baba peke yake. Uliza: asubuhi nani anampeleka mtoto kwa mlezi? Mama akiwa shifti ya usiku, nani anamchukua? Kanisani mnaenda na nani? Mara nyingi utagundua kwamba mtoto mmoja anapanda magari matatu kwa wiki, na kiti kiko kwenye moja tu.

Hatua ya 3: Zungumza kwanza na upendo, sheria baadaye

Ukianza na polisi, watu watanunua kiti cha kuwaonyesha polisi. Anza na kile mama anachokitaka tayari, yaani mtoto afike.

Mimi huanza na hesabu ya gunia. Gari likienda kilomita 48 kwa saa, mwendo wa kawaida wa barabara za mjini, likagonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 anarushwa mbele kwa nguvu ambayo inaweza kufika uzito wa kilo 300 hivi. Hayo ni magunia matatu ya kilo mia. Muulize baba anayefanya kazi ghalani kama anaweza kuyadaka magunia matatu kwa mpigo, bila kujiandaa. Mara nyingi chumba kinanyamaza. Halafu unasema taratibu: mama, mikono yako haina kasoro, ila hakuna mikono ya binadamu inayoweza. Kiti ndicho kinachoshika kwa niaba yako.

Baada ya hapo takwimu zinaingia vizuri. Kwa hesabu za NHTSA, kiti cha mtoto kikitumiwa sawasawa katika gari dogo hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 71 kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na kwa asilimia 54 kwa wa mwaka mmoja hadi minne.

Sheria nayo isemwe, kwa sababu faini inauma nyumba yenye kipato kidogo. Kila jimbo lina yake. Hapa Kentucky mtoto wa inchi 40 au chini lazima awe kwenye kiti cha mtoto, na aliye chini ya miaka minane mwenye urefu wa kati ya inchi 40 na 57 lazima akae kwenye busta, kile kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari umkae vizuri. Texas inadai kiti hadi miaka minane, isipokuwa mtoto amepita futi 4 na inchi 9. Ohio inadai kiti kwa mtoto wa chini ya miaka minne au chini ya pauni 40, kisha busta hadi miaka minane au futi 4 na inchi 9. Ndugu aliyehama kutoka Columbus, Ohio, kuja Louisville hapa Kentucky asidhani mambo ni yale yale. Na kila mara uongeze kwamba sheria ni kima cha chini. Madaktari wanadai zaidi ya hapo.

Kuna hofu moja ambayo watu hawaisemi mpaka wakuzoee: kwamba ukiomba kiti unakiri kuwa umekuwa ukiwahatarisha watoto, na serikali itakuja kuwachukua. Itaje wewe kabla hawajaitaja. Waeleze kwamba fundi wa viti kazi yake ni kufundisha, hana daftari la faini, na watu hufika kwake hata na viti vilivyofungwa vibaya kabisa. Hiyo ndiyo sababu ya yeye kuwepo.

Hatua ya 4: Tafuta kiti bila kumaliza pesa ya kodi

Mjamzito aanze mapema, mwezi wa sita au wa saba, kwa sababu hospitali nyingi hazimruhusu mtoto mchanga kuondoka kwa gari bila kiti, na siku hiyo si siku ya kukimbia dukani. Milango ya kubisha ni hii:

- Kadi ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Katika majimbo kadhaa, baadhi ya kampuni zinazosimamia Medicaid humpa mama kiti kama tuzo ya kuhudhuria kliniki. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, omba mkalimani wa Kiswahili, na uliza hivyo hivyo waziwazi.
- Idara ya afya ya kaunti na ofisi ya WIC. Hata wasipokuwa na viti, hujua nani anavyo.
- Namba 211, inayounganisha watu na misaada ya mahali wanapoishi.
- Mpango wa jimbo. Ohio kuna Ohio Buckles Buckeyes, na Texas kuna Safe Riders. Yote miwili ipo kwa ajili ya familia zenye kipato kidogo.
- Hospitali ulikopangiwa kujifungua, kwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii.

Mara nyingi wataomba ushahidi wa kipato au kadi ya WIC, ya Medicaid au ya msaada wa chakula. Watataka pia mzazi ahudhurie somo fupi. Mwambie mama alihudhurie hata kama ana haraka. Somo lina thamani kuliko kiti.

Kama ni kununua, wapunguzie watu mzigo mmoja wa moyoni: kiti cha bei ya chini si kiti duni. Kila kiti kinachouzwa kihalali Marekani lazima kitimize viwango vile vile vya serikali kuu. Kiti kizuri kinapatikana kwa chini ya dola 100, na busta isiyo na mgongo kwa bei ya chini zaidi ya hapo. Dola mia mbili za ziada hununua kitambaa laini na mahali pa kikombe.

Hapa chama cha akina mama kina nguvu kuliko ofisi yoyote. Uuite upatu, chama au likelemba, ni ule ule. Tunapomfanyia mjamzito sherehe, kila mmoja huleta nguo, na mtoto anaishia na nguo za miezi mitatu zisizovalika zote. Siku hizi kikundi chetu tunachanga kwanza kiti, kisha ndipo kila mtu alete anachotaka.

Kuhusu mtumba niseme kwa ukali kidogo. Kiti kilichookotwa kando ya pipa la taka, au kilichouzwa dola kumi na mtu usiyemjua, usikitumie. Huwezi kujua kama kiliwahi kuwa kwenye ajali, na ufa wa ndani ya plastiki hauonekani. Kiti cha kurithi kutoka kwa dada yako wa damu, aliyekiapia kwamba hakikugongwa, kinaweza kufaa ikiwa kina lebo, kitabu na sehemu zake zote, na tarehe yake ya mwisho haijapita. Ndiyo, viti huisha muda. Geuza chini au nyuma utaikuta tarehe imechapwa kwenye plastiki. Na angalia pia kama mtengenezaji amekiita kirudishwe kwa kasoro. Tovuti ya NHTSA inaonyesha hilo ukiwa na jina na namba ya modeli.

Hatua ya 5: Chagua kinachomfaa mtoto huyu

Kuna viti vya aina nyingi, lakini safari ya mtoto ni moja: anatazama nyuma, kisha mbele na mikanda ya kiti, kisha busta, kisha mkanda wa gari. Kila kituo kina faida yake na hakuna haja ya kukimbilia kinachofuata kama vile ni kupanda darasa.

Kutazama nyuma ndiko kunakoleta ubishi. Tangu 2018 madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto atazame nyuma kwa muda mrefu kadiri kiti chenyewe kinavyoruhusu uzito na urefu wake, na hilo kwa wengi hufika miaka miwili, mitatu au zaidi. Bibi atakwambia, "Mwanangu, miguu inamkunjika, anateseka." Mjibu kwa adabu na umwonyeshe. Kichwa cha mtoto ni kizito kulingana na mwili wake na shingo bado changa. Akiangalia nyuma, ajali ya mbele inapotokea, mgongo wa kiti unapokea kichwa, shingo na uti wa mgongo kwa pamoja. Akiangalia mbele, mwili unashikwa na mikanda na kichwa kinarushwa peke yake. Miguu kukunjwa hakumuumizi. Wenyewe hukaa hivyo hivyo mkekani.

Kwa familia yenye kiti kimoja tu cha kununua, ushauri wangu ni kile kinachogeuka, yaani kinachoanza kwa kutazama nyuma na baadaye kikageuzwa mbele. Hakikisha kinaruhusu uzito wa mtoto mchanga. Kile kidogo chenye mpini wa kubebea ni kizuri, ila mtoto hukiacha haraka na utanunua kingine. Jambo jingine kuhusu hicho cha mpini: ukifika nyumbani mtoe mtoto mlaze kwenye kitanda chake. Mchanga aliyeachwa alale ndani ya kiti sakafuni anaweza kuinamisha kichwa hadi njia ya hewa ikaziba.

Busta ni ya mtoto aliyejaza kiti cha mikanda kwa uzito au urefu, na anayeweza kukaa wima safari nzima hata akisinzia. Inataka mkanda wa gari wenye sehemu mbili, ya kiunoni na ya begani. Mkanda wa kiunoni peke yake haufai. Atoke kwenye busta pale mgongo wake unapogusa kiti cha gari, magoti yanakunjika ukingoni, mkanda wa chini unalala juu ya mapaja wala si tumboni, na wa juu unapita katikati ya bega wala si shingoni. Wengi hufika hapo wakiwa na futi 4 na inchi 9, kati ya miaka minane na kumi na miwili. Mkubwa wa nyumba atalia kwamba wenzake shuleni wanamcheka. Msikilize, kisha mkalishe bila busta mbele ya wazazi wake mwone wote mkanda unavyomkaba shingo.

Hatua ya 6: Funga kiti, mzazi akiwa ndani ya gari na wewe nje

Fungua vitabu viwili, cha kiti na cha gari. Kama mzazi hasomi Kiingereza, picha zinatosha kuanzia, na wewe soma kwa sauti.

Kiti kikae nyuma. Kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu unapofumka unakipiga kiti mgongoni, palepale kichwa cha mtoto kilipo.

Kuna njia mbili za kukishika: mkanda wa gari, au vile vyuma vidogo vilivyofichwa kwenye mshono kati ya kiti cha gari na mgongo wake, ambavyo magari mengi yaliyotengenezwa tangu Septemba 2002 yanavyo. Watu hudhani vyote viwili pamoja ni salama zaidi. Sivyo, chagua kimoja, isipokuwa vitabu vyote viwili vimeruhusu. Vyuma vina kikomo cha uzito kilichoandikwa kwenye kiti, na mtoto akikipita, rudi kwenye mkanda. Kila njia peke yake ni salama sawa na nyingine.

Ukitumia mkanda, mwongoze mzazi aupitishe kwenye njia yake. Kiti kinachogeuka kina njia mbili, ya kutazama nyuma na ya kutazama mbele, na kukosea hapa ni rahisi sana; mwambie aguse kibandiko kwa kidole. Kisha afunge, na katika magari mengi avute mkanda wa begani taratibu mpaka uishe wote, auachie urudi. Akisikia tik-tik-tik wakati unarudi, mkanda umejifunga. Sasa aweke mkono mmoja ndani ya kiti, akandamize kwa uzito wa mwili, na kwa mkono mwingine avute ulegevu wote.

Kipimo: ashike kiti pale mkanda unapopita, akitikise kwa mkono usio na nguvu, kama anavyompa mtu salamu. Kikisogea zaidi ya inchi moja, upana wa vidole viwili vyembamba hivi, arudie. Asitikise juu, juu kitacheza tu hata kikiwa kimefungwa sawa. Kinachotazama nyuma kina alama ya mlalo pembeni, ihakikishwe. Kinachotazama mbele kina mkanda wa juu mgongoni wenye ndoano, na huu ndio unaosahaulika kuliko vyote. Naukuta umekunjwa bado na mpira wake wa dukani. Kazi yake ni kuzuia kichwa kisirushwe mbali. Utafutieni chuma chake nyuma ya kiti cha gari au kwenye buti.

Mzazi akimaliza, mwambie afungue kila kitu, atoe kiti, akiweke chini, aanze upya bila wewe kusema neno. Atanung'unika, maana pengine ni saa mbili usiku na kesho ana shifti. Lakini hii ya pili ndiyo anayobaki nayo akibadilisha gari.

Hatua ya 7: Mfunge mtoto, na koti livuliwe kwanza

Mtoto akae mgongo umegusa kiti. Mikanda ya begani itoke usawa wa mabega au chini kidogo anapotazama nyuma, na usawa wa mabega au juu kidogo anapotazama mbele. Ikazwe, kisha mzazi ajaribu kuubana mkanda begani kwa kidole gumba na cha shahada, kama anavyobana kitambaa. Akipata mkunjo, bado umelegea. Kibanio cha kifuani kikae usawa wa makwapa. Nakikuta kila mara kimeshuka tumboni.

Halafu baridi. Sisi tumetoka nchi za joto, na Januari ya hapa mama anamvika mtoto kila alichonacho, kisha anamfunga juu ya lile koti nene la kujaa hewa. Fanyeni jaribio hili sebuleni: mfunge mtoto na koti, kaza mikanda vizuri, mtoe bila kuilegeza, mvue koti, mrudishe. Utaona mikanda imeachana na kifua hadi mkono mzima unapita. Koti lile katika ajali husinyaa, na nafasi hiyo ndiyo mtoto anayochomokea. Basi mtoto avae sweta, afungwe, halafu koti avalishwe kinyume, mikono mbele, au afunikwe blanketi juu ya mikanda. Kitenge kizito kinafaa kabisa hapo.

Vitu vya kuongezea ambavyo havikuja na kiti, kama mito ya shingo na vifuniko vya mikanda vya sokoni, viondolewe.

Hatua ya 8: Shifti, lifti, na nyumba ya watoto sita

Familia yenye watoto sita na gari la nafasi tano haihitaji hotuba, inahitaji hesabu. Chukua futi ya kupimia, pima kiti cha nyuma. Viti vyembamba vipo, na vitatu vinaweza kukaa sambamba ukichanganya, kwa mfano kinachotazama nyuma, kinachotazama mbele na busta. Kila kifungio lazima kifikike. Ikibidi mtoto mmoja akae mbele, awe mkubwa kuliko wote na kiti chake kisogezwe nyuma kabisa. Baada ya hapo, waliobaki wanasubiri safari ya pili. Ni maneno magumu, hasa usiku wa baridi, na ndiyo maana wakati wa kuyasema ni wiki moja kabla, mkiwa mezani, mkipanga nani anamchukua nani.

Kwa madereva wa kanisa tuliweka utaratibu huu: anayeomba lifti kwa simu anasema idadi ya watoto na umri wao, na kiti kinatoka na mtoto. Mama anapomwacha mtoto kwa mlezi akienda kazini, kiti kinabaki kwa mlezi, kisha kinaondoka na atakayemchukua mtoto. Kwa sababu hiyo mlezi, mjomba na jirani lazima nao wafundishwe kufunga. Usifundishe baba na mama peke yao. Nikipata watu wanne wa kufundisha katika nyumba moja, naanza na yule anayeendesha zaidi, hata kama ni kijana wa miaka kumi na minane.

Teksi za simu nazo huja bila kiti, hivyo beba chako. Na gari la Medicaid la kwenda hospitali, uliza kuhusu kiti siku unapoliagiza.

Hatua ya 9: Rudi

Siku ya kwanza jazeni pamoja kadi ya usajili iliyokuja na kiti. Weka anwani ya barua pepe inayofunguliwa kweli, kwa kuwa ndiyo njia ya mtengenezaji kukujulisha kasoro. Piga picha ya lebo, ibaki kwenye simu ya mzazi.

Mwambie pia kwamba ikitokea ajali ya wastani au kubwa, kiti kinabadilishwa hata kikionekana kizima. Kwa ajali ndogo sana fuata kitabu cha mtengenezaji. Bima ya gari mara nyingi hulipia kiti kipya, lakini lazima mtu aombe, na wengi wetu hatuombi kwa kutojua.

Kisha fungua tena lile daftari la hatua ya pili na uandike tarehe pembeni ya kila jina: miezi mitatu kwa mchanga, sita kwa mkubwa. Tarehe ikifika piga simu, salimu nyumba yote, ulizia kazi na wagonjwa, na kabla hujaaga mwombe mama aende kwenye gari na simu akuonyeshe kwa video mikanda inatokea wapi, na mabega ya mtoto yamefika wapi sasa.